Herufi K

Oldupai, 14 Julai
Siku nzima kwenye chekeche. Upepo ukishaanza hauna huruma: vumbi puani, masikioni, mpaka kwenye ugali. Ndoo 19, vipande vinne. Vitatu nilivyodhani ni mfupa, Mzee ninayechekecha naye alivitupa palepale. Cha nne alikigusisha ulimi. "Mfupa wa kale unanata, mwanangu. Jaribu." Nikajaribu. Kikaning'ang'ania ulimi kama kigae cha chungu kikavu.

17 Julai
Tarehe kama ya leo, mwaka 1959, Louis Leakey alikuwa amelala kambini, mgonjwa. Mkewe Mary akatoka, na huko FLK akaona mfupa ukichungulia mteremkoni: fuvu la Zinjanthropus, la miaka milioni 1.75 hivi. Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliuita mwambao wetu. Jioni nilikwenda kusimama pale. F na L ni Frida Leakey, mke wa kwanza wa Louis. K ni korongo tu. FLK, MNK, DK: rasimu yangu ya tasnifu imejaa herufi hizo, na kumbe kila mara nilikuwa naandika neno la bibi, aliyekuwa akitukataza kucheza korongoni mvua zikianza.

22 Julai
Msimamizi amerudisha sura ya pili. Safu ya "aliyeokota" kwenye jedwali ameikata kwa wino mwekundu. Haina uzito wa kisayansi, anasema. Imeniuma. Taya la Peninj, kando ya Ziwa Natron, 1964, liliokotwa na Kamoya Kimeu. Miaka 20 baadaye, Nariokotome nchini Kenya, ni yeye tena aliyeona kipande kidogo cha fuvu chenye rangi ileile ya changarawe iliyokizunguka. Walipochimba wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya kijana mmoja. Udaktari wa heshima alipewa 2021, mwaka mmoja kabla hajafariki. Tunajua mifupa ya pale walipopita watu wenye macho kama yake. Pasipopitwa, hatujui kitu. Hiyo nayo si sayansi?

25 Julai
Leo Mzee ameokota jino la swala mahali nilipopita mara mbili. Lebo ina nafasi ya tarehe, tabaka na namba. Nikaigeuza, nikamwomba anitajie jina lake lote, la baba na la babu, herufi moja moja, nikaliandika nyuma kwa penseli. Safu nimeirudisha.