Ngoma na Mizani

Wachezaji wa dansi ya kisasa, huko Ulaya na hata katika miji ya Afrika, huweza kupanda jukwaani na mkate, maziwa au nyama, wakauliza kwa viungo vyao mtu hula nini, hula na nani, na chakula humfanya nini mwilini. Hadhira ya mjini huliona jambo hilo kuwa jipya. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe si jipya hata kidogo.

Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi Unyakyusani katika miaka ya 1930, na mwaka 1939 Godfrey alichapisha maelezo yake juu ya mazishi ya huko. Wanawake wanalia, ng'ombe wanachinjwa, na vijana wanaingia uwanjani na mikuki mikononi, njuga miguuni, wakicheza kama waendao vitani. Ngoma huanza kwa uchungu. Kadiri muda unavyokwenda sura hulegea. Watu huzungumza, hutaniana, na vijana huanza kuwatupia macho wasichana. Baina ya kilio na kicheko hicho pana nyama. Hugawiwa ukoo na kijiji, kila mmoja kwa haki yake, na anyimwaye fungu hakunyimwa kitoweo tu: ameambiwa kuwa si wao.

Monica naye, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1951, alilishikilia neno moja la Kinyakyusa, *ukwangala*, yaani raha ya kukaa na wenzi, kula, kunywa na kusemezana. Mvulana alipofika umri wa miaka kumi hivi aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaenda kujenga kibanda pamoja na marika wake pembezoni mwa kijiji. Walilala huko, lakini hawakupika. Walikwenda kwa kundi nyumbani kwa mama wa huyu, kisha kwa mama wa yule, na kila mama aliwalisha wote. Wakati huohuo mkaza mwana alipaswa kumwepuka baba mkwe wake maisha yake yote. Akimwona njiani, hujitenga na kujificha. Mwili mmoja umefunguliwa na sahani, mwingine umekunjwa na adabu. Mtunzi wa dansi angetaka nini zaidi? Vijiji hivyo vya marika havipo tena, ila ndizi na maziwa ya Rungwe vipo, na mchele wa Kyela unasifiwa hadi Dar es Salaam.

Ukitoka Mbeya ukapita Makambako na kuingia Iringa, ndizi hupungua na mahindi hutawala. Masika, mianzi hukatwa ncha ili itoe ulanzi, na penye ulanzi hapakosi wimbo. Watani huwatania Wahehe kwa nyama ya mbwa. Utani huo umechakaa, na zaidi ya kuchakaa umefunika jambo zito kuliko hilo. Iringa, pamoja na Mbeya, Rukwa na Ruvuma, ni ghala la nchi. Mahindi yake yamelisha mikoa mingine kwa miongo mingi. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba takriban asilimia 57 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Ghala limejaa, na mtoto wa mwenye ghala ni mfupi.

Wala si kwamba hakuna aliyeshtuka. Mwaka 1983 ulianza mpango mkubwa wa lishe mkoani humo, ukisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito mara kwa mara, na kijiji chenyewe kikakaa kuuliza kwa nini fulani hakui. Majibu hayakuwa ya njaa. Mtoto alilishwa mara mbili au tatu kwa siku, kwa sababu mama yuko shambani, kisha kisimani, kisha kwenye kuni, kisha kwenye kinu. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mzito hulijaza kabla haujamshibisha.

Dawa moja ilikuwa jikoni tangu zamani. Ulezi au mtama ukioteshwa, ukakaushwa na kusagwa, huwa kimea. Kijiko chake kikitiwa katika uji mzito, uji hulainika na kutiririka bila kuongezwa maji, na mtoto hunywa nguvu nyingi zaidi kwa kikombe kilekile. Wataalamu wa Kitanzania na wa Kiswidi waliujaribu uji wa namna hiyo katika kijiji cha Luganga. Wapika komoni walikuwa wakikijua kimea muda wote, ila chao kilikwenda kwenye pipa la wakubwa.

Dansi hiyo bado inasubiri mtunzi. Mizani ya kijijini hutundikwa kwenye tawi la mti. Mtoto huvishwa mkoba wenye matundu mawili ya miguu, akaachiwa aning'inie; hulia, hurusha miguu hewani, na mshale hutikisika kwa kila teke. Mpimaji hawezi kusoma namba. Inambidi asubiri mpaka miguu itulie, na mama yake, mikono ikiwa bado na vumbi la pumba, asimame kando akiutazama mshale.