Wati Zilizoandikwa kwenye Boksi

Jumamosi, 8 Machi 2025

Mpwa wangu kanitumia kutoka dukani picha mbili za mota za gari letu la rimoti. "Mjomba, hii ina wati 900, ile 540, na bei zinakaribiana. Si tuchukue ya 900?"

Nimezikuza picha nisome lebo. Zote ni 3650, yaani kipenyo milimita 36, urefu 50. Zote hazina brashi, zote 3300 Kv. Sasa hizo wati 360 za ziada zimejificha wapi? Nimemwambia asilipe kwanza.

Jumapili, 9 Machi

Jioni tumelikimbiza gari letu, la kipimo cha 1/10, kwa dakika 20 mfululizo, betri ya lipo ya seli mbili. Kilichonivutia kimetokea nyumbani: chaja ilipomaliza kazi, kiooni palisomeka 4000 mAh. Hicho ndicho gari lilichokula. Ampea-saa 4 kwa theluthi ya saa ni wastani wa ampea 12. Zidisha kwa volti 7.4, unapata wati 89 hivi. Na hizo zimehesabiwa kwenye betri, kabla joto la waya na gia halijachukua chake.

Bila shaka gari linapochomoka kwenye kona mota huvuta zaidi sana, ila kwa kitambo kifupi. Kidhibiti mwendo chetu ni cha ampea 60. Hata kikitoa zote, ni wati 444. Ili mota ile ifikishe 900 kwa seli mbili ingehitaji zaidi ya ampea 120, na betri ikikamuliwa hivyo volti zake zinaporomoka. Kwa seli tatu, volti 11.1, ampea 81 zingetosha, lakini kwa sekunde ngapi? Lebo haisemi. Haisemi pia kama ni umeme unaoingia au nguvu inayotoka kwenye shafti. Kwangu mimi, wati zisizotajiwa volti wala muda si kipimo.

Ijumaa, 14 Machi

Mpwa kauliza kama basi Kv ndiyo nguvu. Hapana. Kv ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti, mota ikiwa haina mzigo: 3300 mara 7.4 ni 24,420. Kv kubwa huongeza kasi, lakini kila ampea inazaa msokoto mdogo zaidi, kwa hiyo ampea zitapanda ili kusukuma gari lilelile. Kwenye mashindano, madaraja mengi ya 1/10 hayataji wati kabisa. Yanataja mizunguko ya waya ndani ya mota, 21.5, 17.5 au 13.5, ikipungua, mota inakuwa kali zaidi.

Ninachokiamini ni kipimajoto. Sumaku za kawaida za neodimiamu zilizo ndani ya mota zikipita nyuzi joto 80 huanza kupoteza nguvu zisiirudishe. Leo, tulipobadilisha gia ndogo ya meno 17 tukafunga ya 15, mota ilirudi ikiwa na nyuzi 61, na gari linaondoka kwa hasira kuliko jana.

Nimemwandikia muuza duka: kila mota inahimili ampea ngapi bila kukoma, na ukinzani wa koili zake ni kiasi gani? Akijibu, tutachagua. Akishindwa, pesa tutaweka kwenye mota ndefu zaidi, 3660, maana mwili mkubwa unabeba shaba zaidi na unatawanya joto vizuri, lebo yake iandikwe chochote.