Shamba la Baba Lilikuwa na Mibuni, Halikuwa na Karatasi

Ndugu mkulima, leo naweka pembeni habari za chulebuni na kutu ya majani.

Baba yangu aliacha eka tatu za kahawa. Mimi mwenyewe nilimsaidia kupima mashimo na kukata matawi, nikaijua mibuni yake kwa idadi. Lakini sikuwahi kumuuliza shamba lina karatasi gani. Kwetu ukimuuliza mzee jambo hilo anaweza kusema unamwombea kifo, na kwa kweli niliogopa.

Alipofariki, hata matanga hayajaisha, baba mdogo akasema eka moja ya bondeni ni yake, walipeana kwa mdomo. Huenda ni kweli. Mti wa mpaka ulishakatwa na waliokuwepo walishazikwa. Tulizunguka Mahakama ya Mwanzo miaka miwili. Mwishowe eka ile tuliiacha ili watu wasalimiane. Mama mpaka leo hapiti njia ya bondeni.

Kwa hiyo nakuomba, kama shamba lako liko kwenye ardhi ya kijiji, nenda halmashauri ya kijiji uombe hati ya hakimiliki ya kimila. Ipo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Baba, usiandike jina lako peke yako. Sheria inaruhusu mke na mume kumiliki pamoja.

Kisha wosia. Uandikwe kwa wino, uwe na tarehe na sahihi. Kwa sheria ya mila, anayejua kusoma anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wote wawe wanajua kusoma na kuandika, na mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Anayefuata sheria ya Kiislamu amwone kwanza sheikh wake. RITA nao wanaandika na kutunza wosia.

Mfanyabiashara, wewe andika pia unaodaiwa na unaowadai. Daftari lililo kichwani halisomwi na mjane.

Mama sasa ana hati ya eka mbili zilizobaki, na anataka wosia wake. Hajui kusoma. Mashahidi watatu tumeshawapata, bado tunamtafuta mmoja wa nje ya ukoo.