Chombo cha Picha na Adui Zake wa Kila Siku

Katika vijiji vyetu vya milimani chombo cha kupigia picha ni mali ya mtu mmoja, lakini kazi yake ni ya watu wote. Hapa Rurambo, juu ya Uvira, ikisikika kwamba fulani ana apareyi, basi ataitwa kwenye ubatizo, kwenye Komunyo ya kwanza, kwenye harusi, na hata kwenye matanga. Siku hizi simu nazo hupiga picha, tena nzuri. Lakini simu huibiwa, hubadilishwa, na picha zake hufutwa ili kupata nafasi. Ndiyo maana wazazi wengi bado hupenda picha ya siku kuu ipigwe kwa kamera na kuchapwa Uvira kwenye karatasi. Mimi ni mmoja wa hao wanaoitwa. Nimeona kamera nyingi zikifa, za wenzangu wa milimani na za wale wa kando ya ziwa, nazo zilizokufa kwa kuanguka ni chache sana.

Mwenye kamera huogopa mwamba, mto na mwizi. Avukapo mto akienda kigangoni, huiinua juu ya kichwa kama mama ainuavyo mtoto mchanga. Ni vema. Lakini afikapo nyumbani, huyohuyo hukifuta kioo kwa shati lenye jasho, akaifungia kamera katika mkoba wa ngozi ungali na unyevu, akautundika mkoba ukutani mpaka siku kuu nyingine. Mto haukuiua, mkoba ndio utakaoiua, polepole na bila kelele.

Kwetu sisi adui mkubwa ni kuvu. Mvua za milima yetu huanza Septemba na kuendelea hata Mei, na katika miezi hiyo chumvi hulowa ndani ya kopo, viatu vilivyolala chini ya kitanda huota weupe, na vitabu vya sala hunuka. Kuvu iyo hiyo ya viatu huota pia ndani ya kamera. Mbegu zake hazionekani kwa macho, nazo zimo hewani popote. Zikipata unyevu, giza na hewa isiyopita, pamoja na chakula kidogo cha mafuta ya vidole yaliyobaki juu ya kioo, huchipuka. Kwanza waona uzi mmoja, kisha utando kama wa buibui. Utando huo hutoa asidi inayokula ngozi nyembamba sana ambayo kiwanda kiliipaka juu ya kioo. Hivyo hata fundi akifungua na kusafisha, alama hubaki, na kila picha huonekana kana kwamba imepigwa katika moshi. Ukitaka kujua kama kamera ina ugonjwa huo, na kioo chake ni cha kutolewa, kitoe, umulike tochi upande mmoja, nawe utazame kwa mshazari upande wa pili. Fanya hivyo hasa kabla ya kununua kamera ya mtu mwingine sokoni, kwa maana muuzaji hatakuambia.

Katika jambo hili wazee wetu wana elimu ya kutosha. Mahindi ya mbegu hawayaweki chini. Huyatundika juu ya meko, ili kuvu na wadudu wasiyapate. Kamera yataka ukavu uleule, lakini bila moshi, kwa kuwa masizi yana mafuta nayo hunata. Namjua kijana mmoja, hodari kabisa, aliyeifuata desturi ya mbegu kwa kamera yake. Baada ya majira yote ya mvua haikuwa na kuvu hata kidogo. Ila pete ya kuzungushia kioo ilikuwa imeganda kwa masizi, haikuzunguka tena.

Dawa haihitaji fedha nyingi. Tafuta kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, kama lile la maziwa ya unga, lioshe na kulikausha juani. Ndani yake weka vile vifuko vidogo vyenye chembe zinywazo unyevu, ambavyo hukutwa katika masanduku ya viatu vipya. Wauza viatu huvitupa. Ukiomba kwa adabu utapewa bure. Chembe zikishiba maji hazifai tena mpaka zikaushwe: zimimine katika sufuria kuukuu isiyopikiwa chakula, uzipashe kwa moto mdogo saa moja au mbili, kisha uzishone katika kifuko cha kitambaa. Tumia zile nyeupe tu, maana zile za rangi ya buluu zina sumu, na watoto wasiachiwe kuzichezea. Wengine huweka mchele. Mchele una unga, na unga ni vumbi, tena ni chakula cha kuvu. Afadhali mchele uliwe. Zaidi ya hayo yote, kamera itumiwe. Kila juma, siku isiyo na mvua, itoe nje kivulini, ifungue, igeuze, piga picha mbili tatu za watoto. Kilicho kazini hakioti kuvu upesi.

Adui wa pili huja kanisani, na watu humlaumu mpiga picha bure. Usiku wa mlimani ni wa baridi. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, nasi tuko juu sana kuliko ziwa. Na kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, joto hupungua kiasi cha digrii 6. Basi asubuhi ya Komunyo ya kwanza kamera hutolewa katika chumba cha baridi, ikaingizwa katika kanisa dogo lililojaa watu wanaoimba. Pumzi zao zina joto na maji, na zikigusa kioo baridi hugeuka kuwa umande. Mpiga picha hufuta, umande hurudi. Hufuta tena, na kumbe watoto wamekwisha pokea, na Padre anafunga tabernakulo. Siku hiyo haina marudio. Kwa sababu hiyo yafaa kufika mapema, kabla ya watu, na kuiacha kamera ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, humo humo kanisani, ipate joto polepole pamoja na nyumba. Saa moja yatosha. Vivyo hivyo kwa atelemkaye alfajiri kwa pikipiki mpaka uwanda wa Ruzizi: akifika Kiliba au Uvira asiifungue papo hapo katika lile joto zito la ziwani. Anywe chai kwanza.

Kuhusu vumbi la kiangazi sitasema mengi. Ndani ya vumbi mna chembe za jiwe zilizo ngumu kuliko kioo chenyewe. Mwenye kufuta kwa shati au kwa kitenge anasugua kioo kwa mchanga. Kwanza vumbi lipulizwe, si kwa mdomo, kwa maana mate huruka, bali kwa ule mpira mdogo wa kunyonyea kamasi za watoto wachanga, mpya na mkavu. Kisha burashi laini, na mwisho kabisa kitambaa safi cha pamba. Pikipiki nayo, kwa mtikisiko wake juu ya mawe, hulegeza skrubu moja baada ya nyingine. Kamera isifungwe nyuma pamoja na mizigo, bali ivaliwe kifuani, chini ya koti. Na ikiwa imelowa maji, usiiwashe ili kujaribu. Toa betri, pangusa, iache penye hewa siku kadhaa mbali na moto. Haraka ya kujaribu imeua nyingi kuliko maji yenyewe.

Labda msomaji atauliza: mambo haya yote kwa ajili ya mashine tu? Nitamjibu kwa habari ya mama mmoja mzee wa upande wetu. Tangu vita vya 1996 watu wa milima hii wamekimbia mara nyingi, wengine wakarudi na kukuta majivu mahali pa nyumba. Mama huyo alimzika mume wake ugenini, na nyumba yao ilikuwa imekwisha kuteketea pamoja na picha zote. Alinijia baada ya Misa, akiegemea fimbo yake.

«Mwalimu,» akasema, «nimesikia unaye mzee wangu ndani ya mashine yako.»

«Ndiyo, mama. Alisimama nyuma ya mjukuu wake siku ya Kipaimara.»

«Amevaa koti?»

«Amevaa koti.»

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba wajukuu waliozaliwa baada yake huuliza babu alifanana na nani, naye huwaonyesha kidole cha mtoto huyu na paji la uso la yule. Picha ilichapwa Uvira, nikampelekea. Hakuitazama mbele yangu. Aliifunga katika kitambaa, akaniambia asante, akaenda zake.

Kanisa lenyewe latuonyesha jambo hili. Mashahidi wanne, Padre Luigi Carrara, Padre Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin na Padre Albert Joubert, waliuawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, na mnamo tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa Wenyeheri mjini Uvira. Wengi wa waumini wa leo hawakuwa wamezaliwa walipokufa hao. Hata hivyo tunazijua nyuso zao, kwa sababu mtu alikuwa na kamera nzima siku moja ya kawaida, na mwingine akaitunza karatasi kwa miaka 60.

Nayo karatasi ina adui zake. Mto Mulongwe ulipofurika mjini Uvira mwezi wa Aprili 2020, uliua watu na kubomoa nyumba nyingi. Picha iliyoingiwa na tope namna hiyo isuuzwe kwa maji safi ingali imelowa, kisha ilazwe kivulini, uso juu. Na zilizokwisha kukauka zikiwa zimeshikana zisivutwe kwa nguvu, ziloweshwe kwanza. Mimi sasa kila jioni ya siku kuu, hata nikichoka namna gani, hunakili picha zote kwenye kadi ya pili. Moja hulala humu nyumbani, ndani ya kopo pamoja na vifuko vya kunywa unyevu. Ya pili hutelemka Uvira juma lilo hilo, mfukoni mwa mtu ninayemwamini, na kuwekwa kwa dada yangu, katika sanduku ambamo huhifadhi cheti chake cha ndoa.