Bata wa Bukini Katika Masika na Kipupwe: Safari ya Boko

Atokaye Dar es Salaam kwa njia ya Bagamoyo hupita Mwenge, akapita Mbezi na Tegeta, na mkono wake wa kushoto huuona mlima wa Wazo, ambako mawe ya chokaa yasagwa kuwa saruji tangu mwaka 1966. Akizidi kwenda kidogo, afika Boko. Zamani palikuwa shamba. Leo nyumba zashikana na nyumba, lakini kati yake ingaliko minazi, na miembe, na vichaka ambavyo kenge hupenda kulala. Njia za mkono wa kulia zateremka kwenda Mbweni na Ununio, na upepo wa kusi huja kutoka baharini ukaingia nyumbani mwa watu bila kupiga hodi. Nchi yenyewe ni mchanga mahali pengine, na mahali pengine ni mabonde ambayo masika huyageuza kuwa maziwa madogo. Aliyejenga bondeni haitaji kuambiwa.

Tuliitwa huko katika mwezi wa Julai na mwalimu mmoja, naye alikuwa ametuandikia kwamba nyumba mbili za jirani hazisalimiani tena kwa ajili ya bata wa Bukini. Wasomaji wetu wapendwa watacheka, kama sisi tulivyocheka tulipoisoma barua. Lakini tulipofika hatukuona cha kuchekesha. Watoto waliokuwa wakienda shule pamoja sasa walipita njia mbalimbali, na mama mwenye bata alikuwa amesema waziwazi kwamba jirani yake ni mtia sumu. Neno kama hilo likisemwa mtaani halirudi upesi.

Habari yenyewe ni hii. Mama huyu ni mjane, naye alea wajukuu watatu. Alikuwa na bata wa Bukini watatu wazima, dume mmoja na majike wawili, na kila mwaka huuza vifaranga, na fedha yake ndiyo inunuayo sare na madaftari. Katika mwezi wa Mei, mvua ilipokuwa nyingi, jike mmoja alitembea na vifaranga 12. Siku chache kabla, dume alikuwa amemkimbiza mtoto wa jirani mpaka akaanguka akaumia goti, na jirani, mzee mpole kwa desturi yake, akasema kwa hasira mbele za watu, "Bata hawa nitawakomesha." Kisha vifaranga wakaanza kufa. Walikataa kula, miguu ikalegea, shingo zikapinda nyuma. Na katika muda wa siku nne walikufa 11. Kuku wa nyumba ile ile hawakudhurika hata mmoja. Basi mama akafanya hesabu yake: ugonjwa ungewapata na kuku, hili ni la mtu.

Kabla ya kuendelea inafaa tuwaeleze wasomaji ndege huyu ni wa namna gani, maana nusu ya ugomvi ilizaliwa kwa kutomjua.

Jina lake lamtaja Bukini, ndicho kisiwa cha Madagaska kama wazee wa pwani walivyokiita, lakini asili yake si huko. Bata hawa wafugwao walitokana na bata-mwitu wa Ulaya na wa Asia, nchi za theluji, na wengine wao walianza kufugwa na Wamisri wa kale. Kwa hiyo aonaye huruma kwamba bata wake watakufa kwa baridi ya kipupwe, na asiwe na wasiwasi. Usiku wa Julai hapa pwani hupungua joto mpaka yapata nyuzi 18 au 19. Kwetu twajifunika shuka mbili, kwa bata mzima ni starehe. Chini ya manyoya yake ya nje yamo manyoya mororo yashikayo joto, na karibu na mkia ana tezi ya mafuta. Ndiyo maana twamwona akiupeleka mdomo nyuma kisha akijipaka mwili mzima, na maji yakimwagika juu yake huteleza. Huko Ulaya hutembea juu ya barafu bila kuganda miguu, kwa kuwa mishipa ipelekayo damu miguuni imelala kando ya mishipa irudishayo, na damu ya joto huipasha damu ya baridi kabla haijarudi mwilini. Adui yake hapa Boko ni jua la Januari. Wakati ule utamwona amefunua mdomo, akitweta kivulini, na asipopata maji ya kuzamisha kichwa macho yake na pua huziba uchafu.

Lakini kifaranga ni habari nyingine. Malaika yake hayana mafuta ya kutosha, naye huyapata kwa kujisugua chini ya mama yake. Aliyeatamiwa na kuku, au aliyelelewa jikoni na watu, akinyeshewa hulowa kama kitambaa, akatetemeka, akafa. Katika wiki tatu za kwanza sharti awe mahali pa joto na pakavu. Na akiwa na mama yake mwenyewe, kazi hiyo mama aijua kuliko sisi.

Sasa ukali wake. Tulikaa barazani kwa mama yule tangu asubuhi hata adhuhuri tukiwatazama bata, na yafaa kusema kwamba dume yule alitupokea vibaya. Alikuja mbio, shingo imenyoshwa chini karibu na ardhi, mdomo wazi, akipuliza kama nyoka. Mwalimu akatuonya tusikimbie. Tukasimama tukanyosha mikono kando. Naye akasimama hatua tatu mbele yetu, akatutazama kwa jicho moja, kisha akageuka. Ndipo tukaona jambo ambalo wengi huliona kila siku wasilielewe. Alirudi kwa jike wake, akanyosha shingo kando ya shingo yake, na wote wawili wakapiga kelele pamoja kwa nguvu, kama watu walioshinda vita. Mjerumani mmoja, Oskar Heinroth, aliiandika desturi hii mwaka 1911 akaiita ukelele wa ushindi. Kwa kelele hiyo dume na jike hushikamana, na huwa pamoja miaka mingi, pengine mpaka kufa. Basi dume akimfukuza mtoto, yailinda ndoa yake na watoto wake. Mtoto akikimbia, bata huona ameshinda, na kesho atamfuata mbali zaidi.

Shingo yake ndiyo lugha yake. Ikisimama wima na kichwa kimetulia, amesikia kitu cha kigeni; ikilala chini, anatisha; akitikisa kichwa na kuzungumza kwa sauti ndogo, kundi lajiandaa kuondoka mahali hapo. Tuliona wote watatu wakizungumza hivyo, na baada ya kitambo kidogo wakaenda zao kwenye ukoka nyuma ya nyumba. Tena mara moja kwa mwaka, baada ya kulea, mabawa yake hupukutika manyoya makubwa yote kwa pamoja. Naye hunyamaza, hujificha, hana ujasiri. Watu humdhania mgonjwa wakamchinja. Yampasa aachwe tu na kulishwa vizuri, na baada ya majuma machache manyoya yarudi.

Kelele za usiku ndizo zilizomchosha jirani. Hatumlaumu. Waandishi wa Roma husimulia kwamba mwaka wa 390 kabla ya Kristo adui walipanda kilima cha Capitolium usiku, mbwa wakanyamaza, lakini bata wakapiga kelele hata askari aitwaye Marcus Manlius akaamka, na ngome ikaokoka. Tulimpa jirani hadithi hii, naye akatujibu, "Hao hawakuwa na mjukuu mwenye surua amelala chumba cha pili." Tukanyamaza.

Turudi kwa vifaranga. Mwalimu, mtu mwenye busara, alikuwa amemwomba bwana mifugo aje siku ile ile tuliyokuwapo. Mama akamsalimu kwa heshima, akamkalisha, akamweleza yote. Yule bwana hakusema neno juu ya jirani. Aliuliza maswali madogo madogo. Wakati wa mvua vifaranga walikaa wapi? Bandani, wamefungiwa, maana ua ulijaa maji. Walikula nini? Pumba za mahindi. Na wazima? Wazima walitoka, wakala ukoka kama kawaida, pumba hawakuzitaka sana. Na yule kifaranga mmoja aliyepona? Mjukuu mdogo alikuwa amemchukua jikoni tangu siku ya kwanza, akimlisha mchicha uliokatwa na wali. Gunia la pumba liko wapi?

Lilikuwa stoo, limesimama sakafuni, limeegemea ukuta. Lilikuwa limebaki robo. Bwana mifugo alilifungua akaingiza mkono mpaka chini, akatoa bonge lililoshikana kama udongo, lenye rangi ya kijani na harufu ya uvundo. Akamnusisha mama. Mama akakaa kimya kitambo kirefu.

Ukungu wa namna hii hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Ilijulikana kwa sababu ya ndege: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa bila watu kuijua sababu, hata ilipotambulikana kwamba walilishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Na ndege hawako sawa mbele yake. Kuku huistahimili kuliko wengine. Vifaranga wa bata wa kila namna, na bata mzinga, hufa upesi kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo kule kupona kwa kuku, ambako mama alikufanya shahidi wa uovu wa mtu, kulikuwa shahidi wa ukungu. Tena jambo hili si la ndege tu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Nafaka iliyoota ukungu isipelekwe kwa mifugo kwa kuwa haifai kwa watu. Na itupwe au kufukiwa.

Bwana mifugo alikuwa mwangalifu. Alisema hawezi kuapa kwamba gunia hili ndilo lililoua, maana mizoga ilikwisha kufukiwa tangu Mei. "Lakini, Mama," akasema, "waliokula humu wamekufa, na ambao hawakula wako hai." Kisha akaeleza habari za masika yajayo: magunia yawekwe juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, pumba zinunuliwe kidogo kidogo wakati wa mvua, banda liinuliwe kwa udongo na kifusi, na upande wa kusi uzibwe, chini pamwagwe makapi makavu ya mpunga, yabadilishwe yakilowa, maana bata akisimama matopeni siku nyingi nyayo hufanya vidonda, karai la maji liwekwe nje ya banda wala si ndani. Na majani mabichi kila siku, hata mvua ikinyesha mtu akayakate, kwa kuwa bata wa Bukini ni mla majani kama mbuzi.

Mama hakwenda kwa jirani siku ile. Tulilala kwa mwalimu, na asubuhi tukasikia kwamba usiku alimtuma mjukuu wake mkubwa na maneno, na jirani akajibu kwamba amesikia. Ni hayo tu. Saa nne mzee alikuja mwenyewe, ana nyundo na mbao tatu kuukuu begani. Akapiga hodi mlangoni, mama akatoka, akamwambia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba." Hawakutaja sumu, wala hatukuwatazama sana, tukajifanya twaangalia mnazi.

Walizungumza juu ya lango. Mzee aliona lango la bata likihamishwa upande wa nyuma, dume hataiona njia ya watoto, wala chumba cha mjukuu wake hakitakuwa karibu na kelele. Mama akakubali, akasema kwamba katika vifaranga wa kwanza watakaotoka, wawili ni wake mzee. Mzee akasema hataki bata. Kisha akauliza kama waweza kula ukoka wa kwake, ambao umezidi.

Yule kifaranga aliyepona sasa amekuwa bata mkubwa, naye hana habari na bata wenzake. Humfuata mjukuu mdogo kila aendako, mpaka lango la shule, na mwalimu hulazimika kumrudisha. Konrad Lorenz wa Austria aliandika mwaka 1935 kwamba kifaranga wa bata wa Bukini, katika saa zake za kwanza, humshika kuwa mama yule atembeaye mbele yake na kumwitikia, hata akiwa mtu. Na mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa kuchunguza tabia za wanyama. Mjukuu yule hakusoma kitabu chake. Alituambia tu kwamba bata wake huwa na wivu.

Tulipokuwa tukiaga, mzee alikuwa akipigilia mbao ya kwanza. Dume alimjia, shingo chini, akipuliza. Mzee akasimama, akanyosha mikono kando kama alivyofundishwa asubuhi ile na watoto, nyundo mkononi. Nyuma ya banda, katika majani makavu, jike wa pili alikuwa ametaga yai la kwanza. Mama alikwisha kulitia alama ya makaa, apate kuhesabu siku 30 atakapoanza kuatamia.