Mzee Katesh, mama Dodoma

Kwa karibu mwaka mzima, mwalimu mmoja mstaafu wa Katesh, wilayani Hanang, alikuwa na ratiba moja ya Jumapili jioni. Akishatoka kanisani, akishakamua ng'ombe na kufungia kuku, alikaa kwenye benchi nje ya nyumba, mlima ukiwa nyuma yake, akasubiri simu ya mkewe.

Mkewe, muuguzi mstaafu mzaliwa wa Dongobesh, Mbulu, alikuwa Dodoma akilea mjukuu. Simu ilichukua dakika kumi hivi. Ng'ombe anaendeleaje, mvua imefika wapi, mtoto ameota jino la pili. "Dawa unakunywa?" mama anauliza. "Nakunywa," mzee anajibu. Kisha wanaagana, kila mmoja anakwenda kulala peke yake. Mama anaingia chumba kimoja na mjukuu, mzee anabaki katika nyumba ya vyumba vinne aliyoimalizia kwa fedha za mafao.

Hawakuwa wamegombana. Wamezaa watoto wanne na kuishi kwenye ndoa miaka 37. Mtaani watu walimwita yeye Mwalimu na mkewe Sista, na wengi waliwataja kama mfano kila mara kijana alipokuwa anaoa. Walitenganishwa na jambo jema kabisa, mtoto kuzaliwa.

Mipango yao ya kustaafu haikuwa hivyo. Katika miaka ya kazi waliishi pamoja kwa vipande vipande. Mwalimu alipangiwa shule za vijijini, mara Basotu, mara Mbulu, na Sista alikuwa na zamu za usiku. Walikubaliana kwamba wakistaafu watakaa Katesh, watalima mahindi na alizeti, watafuga ng'ombe wawili wa maziwa, na siku ya mnada watakwenda pamoja bila haraka. Sista alistaafu kwa hiari mwaka 2021. Mwalimu alifikisha miaka 60 mwishoni mwa mwaka 2022, wakati kikokotoo kipya kikiwa kimeshaanza kutumika, akapata mkupuo wake wa asilimia 33 na pensheni ya kila mwezi. Wakapaua nyumba, wakanunua ng'ombe.

Miezi miwili baadaye binti yao wa pili, mtumishi wa Serikali Dodoma, alijifungua. Likizo ya uzazi kwa sheria ni siku 84. Zilipokaribia kuisha, msichana wa kazi alikuwa ameshaondoka na mwingine hajapatikana. Binti akapiga simu huku analia. Sista akafunga begi dogo, akamwambia mumewe, "Ni miezi mitatu tu, Mwalimu." Ikawa sita, kisha tisa.

Familia za namna hii ni nyingi. Bibi anaitwa mjini kulea, babu anabaki kulinda shamba. Hakuna anayeona tatizo, kwa sababu kila mtu anafanya wajibu wake. Mtoto analelewa na damu yake, mifugo ina mwenyewe, na binti anakwenda kazini akiwa na amani. Lakini katika hesabu hiyo wazee wawili huwa wamehesabiwa kama nguvu kazi mbili, moja ya mjini na moja ya kijijini. Ndoa yao haijawekwa kwenye hesabu.

Mwalimu alifundisha Jiografia darasa la sita na la saba. Mwaka 2009 kulikuwa na habari aliyoisikia redioni, akaigeuza kuwa somo. Waingereza wawili, Paul na Rachel Chandler, mume na mke waliokuwa wakielekea miaka 60, walikuwa wametekwa na maharamia wa Kisomali katika Bahari ya Hindi. Mume alikuwa mhandisi, mke mchumi. Waliacha kazi mapema, wakaamua kuishi ndani ya boti yao ya matanga, Lynn Rival, yenye urefu wa karibu mita 12, wakizunguka kwenye bahari za nchi za joto. Oktoba 2009 waliondoka Shelisheli. Walikuwa wanakuja Tanzania, katika bandari ya Tanga.

Hapo ndipo Mwalimu alipotundika ramani ubaoni. Shelisheli na Tanga zinakaribiana sana kwa latitudo, zote ziko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Ukitoka kisiwa cha Mahé ukaenda magharibi moja kwa moja, karibu kilomita 1,800, unafika pwani ya Tanga. "Na ukizidi kunyoosha?" aliwauliza wanafunzi, akiburuta rula hadi ndani ya nchi. Rula ilipita karibu na Mlima Hanang. Darasa zima likacheka kwamba Wazungu wale walikuwa wanakuja kwao.

Usiku wa kuamkia Oktoba 23, Rachel akiwa zamu na Paul amelala, watu wenye bunduki waliwapanda botini. Walihamishiwa kwenye meli kubwa ya mizigo iliyokuwa imetekwa kabla yao, kisha wakapelekwa nchi kavu Somalia. Mwanzoni zilidaiwa dola milioni 7 za Marekani. Wastaafu wale hawakuwa matajiri. Nyumba yao kubwa ilikuwa ile boti. Walishikiliwa siku 388, hadi Novemba 14, 2010. Wakiwa huko, baba mzazi wa Paul alifariki dunia na mwanawe hakuwepo kumzika.

Mwalimu aliifuatilia habari hiyo mwaka mzima na kuisimulia nyumbani wakati wa chakula. Sista hakuwa na huruma nyingi mwanzoni. "Mtu umestaafu vizuri, una nyumba kwenu, unatafuta nini baharini?" alisema. Ila kuna sehemu moja iliyomnyamazisha. Maharamia waliamua kuwatenganisha wale wawili, kila mmoja akae mahali pake. Mume na mke walishikana, wakakataa kuachana, wakapigwa. Walikaa mbalimbali kwa miezi kadhaa kabla ya kurudishwa pamoja. Walipoachiwa na kuanza kusimulia, kutenganishwa huko ndiko walikokutaja kama moja ya mateso makubwa kuliko yote.

Basi miaka ikapita, habari ikasahaulika. Mwaka 2023 Mwalimu alikuwa peke yake Katesh, hajatekwa na mtu.

Mabadiliko yalikuja polepole kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuyaona. Kwanza aliacha kupika jioni. Mtu mmoja kuwasha moto kwa ajili ya ugali wa mtu mmoja aliona ni kupoteza kuni, hivyo akawa anakunywa chai na mkate, au kande za asubuhi alizobakiza. Kisha akaacha kwenda mnadani, kwa sababu safari ile ilikuwa ya wawili. Mwisho akaacha dawa za presha. Hakuacha kwa ubishi. Aliyekuwa anaweka kidonge pembeni ya kikombe kila asubuhi alikuwa Dodoma, na presha haiumi. Siku moja ilipita, mbili, wiki. Vidonge vilipoisha hakwenda kuchukua vingine. Jumapili akiulizwa, alijibu "nakunywa," kwa sababu hakutaka mama apate wasiwasi huko aliko.

Sista naye alikuwa na yake. Kule Dodoma alishinda ndani ya nyumba ya kupanga, geti limefungwa, akiwa na mtoto mgongoni tangu saa 12 asubuhi hadi binti arudi jioni amechoka. Mwanamke aliyezalisha nusu ya watoto wa kata yake hakumjua hata jirani wa pili. Magoti yalimuuma, usingizi ulikatika. Hakumwambia mtu. Mama hawezi kumwambia mwanawe kwamba kumlelea mtoto kunamchosha.

Wataalamu wa afya sasa wanalizungumza jambo hili waziwazi. Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliunda tume ya kimataifa kushughulikia upweke, likieleza kwamba kukosa watu wa karibu kunaongeza hatari ya magonjwa ya moyo, kiharusi, sonona na kupoteza kumbukumbu. Tatizo linaanzia kwenye mambo madogo kama yale ya Mwalimu. Anayekula peke yake hula ovyo, anayeishi peke yake husahau dawa, na asiye na wa kumsindikiza hatembei. Kwa mgonjwa wa presha mwenye umri mkubwa, hayo matatu yanatosha.

Jumapili ya Desemba 3, 2023, alfajiri, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha na wengi walibaki bila makazi.

Nyumba ya Mwalimu haikuwa kwenye njia ya tope. Aliposikia kelele alivaa mabuti, akachukua koleo, akashuka kusaidia majirani, simu ikabaki kitandani. Dodoma, Sista aliona picha kwenye simu ya binti yake saa mbili asubuhi. Akapiga, inaita, haipokelewi. Akapiga tena. Mchana simu ikaacha hata kuita, chaji imeisha. Alipiga kwa mchungaji, kwa mwenye duka, kwa mwalimu mwenzake. Wengine hawakupatikana, wengine hawakujua. Saa moja jioni ndipo namba asiyoijua ilipompigia, na sauti ya mumewe ikasema, "Mama, mimi mzima."

Kesho yake alipanda basi la kupitia Singida. Alimkuta mzee amekonda, miguu imevimba. Kwa desturi ya kazi yake alimpima kabla hata ya kunywa chai. Kipimo kilisoma 182 kwa 104. Kwa mtu mzima, 140 kwa 90 ni presha ya juu tayari. Akafungua kabati, akakuta pakiti tupu ya dawa yenye tarehe ya Agosti. Hakufoka. Alikaa chini akalia, kisha akasema maneno ambayo Mwalimu anayarudia hadi leo: "Wale Wazungu wako wa boti walitenganishwa na watu wenye bunduki. Sisi katutenganisha nani?"

Jibu lilikuwa gumu kulitamka, maana aliyewatenganisha hakuwa na kosa. Walipoitisha kikao cha familia wakati wa Krismasi na kusema kwamba Sista harudi Dodoma, binti aliumia. Alihisi ameachwa. Mshahara wake unakwenda kwenye kodi, nauli na chakula, na msichana wa kazi mwaminifu hapatikani kirahisi. Kaka yake alimtetea, mdogo wake akamlaumu, sauti zikapanda. Mwalimu, ambaye kwa kawaida husuluhisha, alinyamaza. Sista ndiye aliyesema: "Mwanangu, nimekulea wewe nikiwa kazini zamu za usiku. Najua unachokibeba. Lakini baba yako nikimpoteza nikiwa kwako, hutajisamehe na mimi sitajisamehe."

Walichokubaliana hakikumfurahisha kila mtu. Watoto wote wanne wanachangia ada ya kituo cha kulelea watoto karibu na ofisi ya binti. Bibi na babu wanakwenda Dodoma wote wawili, mara mbili kwa mwaka, mwezi mmoja kila safari, na kijana wa jirani analipwa kuangalia ng'ombe. Mtoto akiugua, binti hupiga simu hata usiku wa manane na nesi wake wa siku zote anapokea. Bado kuna mwezi mchango unachelewa, na binti bado ana siku anazonung'unika.

Kwa familia nyingine suluhu itakuwa tofauti. Wapo bibi wanaofurahia kwenda mjini, na wapo wazee wajane ambao kulea mjukuu ndiko kunakowapa nguvu ya kuamka. Lakini pale ambapo wote wawili wapo hai, ni vema swali liulizwe kwa wote wawili, kabla begi halijafungwa: mnaondoka kwa muda gani, nani atamkumbusha mwenzake dawa, nani atakula na nani. Na wazee nao waseme ukweli wanapoulizwa. Lile "nakunywa" la Mwalimu lingeweza kumgharimu maisha.

Chandler na mkewe walirudi Uingereza, wakaipata Lynn Rival ikiwa imeokolewa na kurejeshwa nyumbani, wakaitengeneza. Kufikia mwaka 2012 walikuwa wameingia tena baharini, wawili kwenye kachumba kao kadogo. Sista alipoambiwa hivyo alitikisa kichwa na kusema kwamba yeye hata mtumbwi wa Ziwa Basotu hapandi.

Siku hizi asubuhi wanatembea nusu saa hadi barabara kuu na kurudi, siku tano kwa wiki, ambazo zinatimiza zile dakika 150 zinazoshauriwa na WHO. Siku ya mnada wanakwenda pamoja. Presha ya mzee imeshuka, ingawa haijafika pale Sista anapopataka. Jumapili jioni simu inaita kama zamani, ila sasa inatoka Dodoma kuja Katesh, na wanaoipokea ni wawili kwenye benchi moja, spika imewashwa katikati yao. Mjukuu anaongea maneno yasiyoeleweka, wote wanacheka.

Simu ikikatika, Sista anatoa kipimo kwenye mfuko wa kitenge.

"Nyoosha mkono, Mwalimu. Na usiongee mpaka nimalize."