Jina Lililoandikwa Ndani ya Jalada

Vijana wapendwa, wengi wenu mmetuona siku ya Jumamosi katikati ya mji wa Lubumbashi, tumechuchumaa kando ya njia mbele ya turubai lililopangwa vitabu vikuukuu. Baadhi yenu mmetuuliza, kwa adabu lakini pia kwa kicheko kidogo, walimu wawili wenye mvi wanatafuta nini katika vumbi lile. Tuliahidi kuwajibu kwa maandishi.

Tulianza tukiwa wanafunzi wa ualimu. Fedha ya vitabu vipya haikuwapo, basi tukaafikiana sisi wawili kununua kitabu kimoja kikuukuu kila mwezi na kukisoma kwa zamu. Leo vitabu vimejaa masanduku manne ya bati, na vile tulivyo navyo viwili viwili tunaviuza. Kuiita kazi hiyo biashara ni kuikuza mno. Hutupatia nauli na, mara mojamoja, sabuni ya nyumbani.

Msidhani kwamba kitabu adimu ni lazima kiwe kikubwa, chenye jalada la ngozi. Vitabu vya namna hiyo hutunzwa na wenye mali waliovinunua. Vinavyotoweka ni vile vya watu wadogo: katekisimu, vitabu vya hesabu vya shule ya msingi, kalenda za misioni. Vilisomwa mpaka vikachakaa, kisha karatasi zake zikafungia karanga. (Tumewahi kununua karanga tusizozihitaji kwa ajili ya ukurasa uliozifunga.) Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, alitunga historia ya mji wetu kwa Kiswahili cha mji wenyewe, akaipa jina la Kifaransa, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, kwa maana Lubumbashi bado iliitwa hivyo. Maandishi yale yalipigwa taipu na kurudufiwa tu. Nani angeyaweka kabatini? Kama mtaalamu Johannes Fabian asingeyachapisha upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, wengi wetu tusingejua kwamba mtumishi wa jikoni aliwahi kuandika habari za mabwana wake.

Tukishika kitabu, kwanza twakinusa, maana unyevu hujulikana kwa pua kabla ya macho. Halafu twatafuta njia za mchwa. Kisha hufuata mji na mwaka wa kuchapwa, na muhuri. Kitabu chenye muhuri wa maktaba twakirudisha kwenye maktaba hiyo kama ingali hai. Mwisho, na kwa polepole, twasoma yaliyoandikwa kwa mkono: jina la mwenyewe, tarehe, pengine deni la unga lililohesabiwa pembeni mwa ukurasa.

Furaha ya kuuza haipungui ile ya kupata. Kwa miaka sita tulikuwa na buku la kwanza tu la kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Padri Charles Sacleux, iliyoanza kutolewa Paris mwaka 1939. Buku la pili tulilikuta katika nyumba nyingine kabisa, chini ya cherehani. Tuliyakutanisha mezani, tukayatazama jioni nzima kama ndugu waliorudi kutoka safari mbalimbali. Mwezi uliofuata akaja mwanafunzi wa lugha aliyekuwa akiandika kazi yake ya mwisho. Tulimwachia yote mawili kwa bei ndogo kuliko tuliyolipa, naye akaondoka ameyakumbatia kwa mikono miwili, akasahau mwavuli wake.

Lakini tuliahidi kujibu swali lenu, na jibu halitakuwa la kweli tukiwaeleza furaha peke yake.

Miaka michache iliyopita mama mmoja mjane alituita kwake Kamalondo. Marehemu mumewe, karani wa zamani, alikuwa ameacha katoni la vitabu, na mama alihitaji nafasi, tena karo ya mjukuu. Akataka faranga 20.000 kwa katoni zima. Chini ya sarufi mbili na misale iliyovunjika mgongo tulikikuta *La philosophie bantoue* cha Padri Placide Tempels. Wanafunzi wengi hukijua kile kilichotolewa na Présence Africaine, Paris, mwaka 1949. Hiki kilikuwa cha Lovania, Elisabethville, 1945: chapa ya kwanza ya Kifaransa, iliyofasiriwa na Rubbens na kutolewa hapa hapa mjini kwetu, kabla Paris haijakitia mkononi. Tulitazamana. Mmoja wetu akakohoa. Tukalipa 20.000, tukaaga kwa heshima zote.

Baada ya wiki tatu tulikiuza kwa mgeni mmoja kwa dola 150. Siku ile tulicheka njia nzima.

Jumapili moja mama yule akatusimamisha nje ya kanisa. «Walimu, Mungu awabariki,» akasema, «mlinisaidia sana. Mtoto amerudi shuleni.» Tulimwitikia, lakini hatukuweza kumtazama. Jioni tulibishana vikali. Mmoja wetu alisema kwamba ujuzi ndio mshahara wetu, kwani ni nani aliyetulipa miaka yote tuliyochuchumaa? Mwingine akajibu kwamba ujuzi ule ule ndio uliotufanya tukohoe badala ya kusema. Yupi alisema nini, tuachieni sisi wenyewe. Tulikubaliana kumpelekea dola 100.

Mama alizipokea, akazihesabu, akaziweka juu ya meza. Tulimweleza kila kitu. Hakukasirika. Aliuliza neno moja tu: «Na kitabu chenyewe kiko wapi?»

Ndani ya jalada, vijana, mumewe alikuwa ameandika jina lake kwa wino wa zambarau, na chini yake tarehe. Tuliliona jina lile siku ya kununua, tukalisoma, hata tukasifu mwandiko. Mama hakujua kusoma. Mjukuu, aliyepewa jina la babu, hakuwahi kuuona mwandiko wa babu yake popote.

Tulimwandikia yule mgeni mara mbili. Hakujibu.

Tangu hapo, tukiitwa katika nyumba, twamsomea mwenye nyumba jina la kila kitabu na kila neno lililoandikwa ndani kwa mkono, na twasema tunadhani kitauzwa kwa kiasi gani. Mara nyingine hukiondoa kitabu katika katoni na kukirudisha chumbani, nasi twatoka mikono mitupu. Mjukuu yule sasa yuko sekondari. Jumamosi huja kutusaidia kutandika turubai, na kabla hatujapanga bei hupitia majalada yote, moja baada ya jingine, akitafuta wino wa zambarau.